Doto Hazaliwi Peke Yake

Simu ilikuwa mkononi mwa Mektilda, na mkono wa Mektilda haujawahi kurudisha kitu cha mtu bila kukichungulia kwanza.

Naam, ni palepale tulipoachia. Pale uliponitukana wewe msomaji wa Nzega, ukasema nakata hadithi kama mhudumu wa hoteli anayenyakua sahani mtu bado anatafuna. Haya, tafuna sasa. Tuko Penang, Malaysia, ufukweni, jua la alasiri. Vedasto, mwenye duka la vipuri vya pikipiki Tabora mjini, ameketi na familia yake kwenye viti vya kukodi. Ujumbe umeingia kwenye simu ya mkewe, Dafrosa, na simu imekwapuliwa na wifi mtu.

"Ngojeni niwasomee," alisema Mektilda.

"Wifi, nipe simu yangu."

"Yako? Ulikuja nayo kutoka kwenu? Hata hicho kitenge ulichojifunga ni cha kaka yangu."

Akasoma kwa sauti ya kusomea waraka kanisani. "'Nimekuona. Kitenge cha njano. Usigeuke, watakushtukia. Nakuja. Nimekukumbuka mno. Doto.'"

Vedasto alikuwa akinywa dafu kwa mrija. Akaacha kunywa. Mama yake, Bi Eustadia, aliyeketi pembeni na soksi zake miguuni kama yuko ibada ya asubuhi, hakugeuza hata shingo.

"Doto ni nani?" Vedasto aliuliza.

"Ni msichana," Dafrosa alijibu haraka. "Tulisoma naye sekondari. Ameolewa huku."

Uongo ule haukuwa mbaya, tuwe wakweli. Doto ni jina la wote, la kike na la kiume. Ukiliita sokoni Tabora, nusu ya wauza nyanya watageuka. Ndiyo maana Dafrosa aliliandika kwenye simu bila woga, akaona halina hatari yoyote. Hilo ndilo kosa lake, na mtaliona linavyomtafuna.

"Msichana!" Mektilda alicheka. "Basi tumsalimie."

Akapiga, akaweka spika.

"Haloo!" Sauti ilikuja nzito, ya kiume, yenye furaha. "Mbona hujibu? Niko hapa kwa wauza madafu, nina kofia nyeupe..."

"Mmh," alisema Mektilda. "Msichana ana mafua, au ni ndevu hizo?"

Dafrosa aliruka. Kofia ya majani ya wifi yake, ile kubwa kama ungo aliyoinunua Phuket, ilianguka mchangani. Kucha zilipita kwenye mkono wa mtu. Simu ikachomoka, Dafrosa akaidaka, akakimbia hatua chache akaitupa baharini kwa nguvu zake zote.

Jamani, Dafrosa! Kama ungekuwepo pale ungemshika mkono. Mwanamke asiye na hatia hatupi simu baharini. Hata mimi ninayemtetea wiki zote hizi nilikosa la kusema.

"Umeona, Vedasto?" Mektilda alikuwa akilamba damu mkononi. "Nilikwambia Bangkok, ukasema nina wivu. Nikakwambia Singapore, ukasema niwaache. Sasa je?"

Vedasto aliinuka. Si mtu wa kelele, na ndiyo maana akikasirika anatisha.

"Kesho unapanda ndege," alimwambia mkewe. "Peke yako."

"Baba Recheli, nisikilize..."

"Usinitajie Recheli! Mtoto ni wa nyumba yetu. Ukifika Tabora chukua nguo zako uende kwenu. Mtoto utamsikia kwa watu."

Recheli, mtoto wao pekee, alikuwa ameachwa Ntalikwa, kijijini kwa akina Vedasto, kwa shangazi yake Vedasto. Bado alikuwa wa kulala na kidole mdomoni. Dafrosa akakaa mchangani.

Na safari hii, msomaji, ilikusudiwa kupoza mioyo! Bwana Nishant, mwenye duka la vitambaa jirani na la Vedasto, ndiye aliyempa shauri. Mpeleke mama akaone dunia, alimwambia, tangu afiwe na kitinda mimba wake mama hajacheka. Vedasto akakubali, akapanga miji na fukwe zote hizo, akawachukua mama, dada na mke.

Wakaenda kugombana kimataifa. Bangkok Mektilda alidai wifi yake amemwagizia mama supu ya pilipili ili amuue. Phuket alikataa kupanda boti moja naye. Singapore Dafrosa aliteremka kituo cha treni kisicho chake, na Mektilda alimwona kabisa mlango ukifungwa, akanyamaza mpaka kituo cha tatu. Kuala Lumpur alimkata kwenye picha ya maghorofa, likabaki bega tu.

"Babu yangu alitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, pembe begani," Bi Eustadia aliwaambia siku ile ya picha. "Wapagazi wale njaa iliwauma, miiba iliwachoma, na hawakutukanana kama ninyi mnaokaa kwenye ubaridi wa mashine."

Ni kauli ndefu pekee aliyokuwa ameitoa mpaka wanafika Penang.

Sasa ninyi wageni, mliokutana na hadithi hii kwa sababu mmefungiwa maandazi kwenye gazeti letu, sogeeni niwanong'oneze.

Doto si bwana wa Dafrosa. Doto ni pacha wake.

Walizaliwa Bukene, karibu na reli. Msichana alitangulia, akaitwa Kulwa. Mvulana akafuata, akaitwa Doto, kama ilivyo desturi. Padri akawabatiza Dafrosa na Emilian, lakini nyumbani nani anaita jina la padri? Na huyo Emilian Doto ndiye aliyekuwa akiendesha lori la tumbaku siku lilipomgonga Tobias, kitinda mimba wa Bi Eustadia, barabara ya Goweko. Tobias alikuwa na baiskeli, anapeleka asali. Dereva aliruka akatokomea porini. Leseni waliyoikuta garini ilikuwa ya kuazima, ya marehemu fulani, kwa hiyo polisi hawakupata jina. Nyumba nzima ya Ntalikwa inamwita "yule dereva", basi. Yeye alifika Dar es Salaam, akapata kazi ya upishi melini, akaishia Penang.

Utauliza, Dafrosa alijua lini? Alijua akiwa tayari mchumba wa Vedasto, mahari imeshapokewa na Recheli yuko tumboni. Alipelekwa ukweni kutambulishwa, akaona picha ya Tobias ukutani, akasimuliwa. Akarudi Bukene mbio, kwani Doto kabla ya kutoroka alikuwa amewaeleza nyumbani kwamba amemgonga mtu wa baiskeli Goweko. Mama yake akamwambia, "Funga mdomo. Na hilo jina la Kulwa tunalizika leo."

Wakalizika kweli. Mama Kulwa akawa Mama Dafrosa. Majirani walionywa. Siku ya harusi shangazi mmoja mzee aliinuka kushukuru mbele ya wakwe, akaanza, "Mimi na Mama Kul..." akakatishwa kwa kikohozi cha watu watano, akapelekwa jikoni kusonga ugali mpaka jioni. Kama kuna aliyesikia, hakuonyesha. Dafrosa akajitambulisha kuwa ni mtoto wa pekee. Uongo huo ameuishi mpaka leo.

Na Bi Eustadia aliapa. Kaburi la Tobias halitajengewa. Litabaki tuta la udongo, mvua ilifumue kila masika na yeye alifinyange upya kwa mikono yake, mpaka yule dereva asimame mbele yake. Vedasto naye aliapa kiapo chake. Alisema siku akimtia machoni, polisi watakuta kazi imekwisha.

Ndio hao watu ambao Doto, bila kujua kiapo wala nini, alikuwa anawakaribia na kofia nyeupe kichwani. Alichojua yeye ni kwamba dada yake ameolewa na tajiri na leo ni siku ya kuonana. Dafrosa hakuwa amemwambia ameolewa nyumba gani, alimwonya tu waonane kwa siri. Angeanzaje?

Basi pale mchangani Dafrosa alipiga hesabu ya moyo. Mtoto nampoteza, alijisemea. Nikisema kweli au nikisema uongo, Recheli anabaki Ntalikwa. Lakini kaka yangu bado anaweza kuokoka.

Akainua uso.

"Ndiyo," alisema. "Ni bwana wangu."

Mektilda alikaa chini. Nawaambieni, mdomo ulimbaki wazi! Alikuwa ametukana kwa miezi na miaka, lakini moyoni hakuwahi kuamini. Mtu akikosa cha kubishia naye hupotea njia.

"Rudia," alisema Vedasto.

"Ni bwana wangu wa siku nyingi. Niache niende zangu."

Mkono wa Vedasto ulipanda juu.

"Vedasto!"

Ni Bi Eustadia. Neno moja tu. Mkono ukashuka. Lakini miguu ilikuwa haijakatazwa, na Vedasto aligeuka akakimbia kuelekea kwa wauza madafu, viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini.

"Baba Recheli, usiende!" Dafrosa alipiga kelele.

Haikusaidia. Vedasto alifika, akaona mwanamume mweusi, mrefu, kofia nyeupe, dafu mkononi. Angehitaji nini zaidi? Akamkaba shingo.

"Ni wewe! Ni wewe mwizi wa wake za watu!"

Yule bwana alijibu kwa Kifaransa. Halafu mke wa yule bwana, mama wa Kiafrika mwenye kifua kipana, aliyekuwa ameinama akifunga kamba za viatu vya mjukuu, aliinuka na mkoba wake. Ulikuwa mkoba mzito. Ulimkuta Vedasto sikioni.

"Mwacheni kaka yangu!" Mektilda alikimbilia huko akipiga kelele kwa Kiswahili, walipomshika akahamia Kinyamwezi, na kwa Kinyamwezi alitukana vizuri zaidi. Walinzi wa ufukwe walikuja wanne. Vedasto, Mektilda, Mfaransa wa watu na mkewe wakaswagwa wote kwenda kwenye kibanda cha ulinzi, kila mmoja akieleza kwa lugha yake.

Mwenye kofia nyeupe halisi alikuwa nyuma ya lundo la madafu, amejikunyata. Dafrosa alimwona. Alimfanyia ishara ya mkono, chini chini, ya kufukuza kuku. Nenda! Nenda zako!

Doto hakuielewa. Tangu wadogo akiambiwa nenda yeye husubiri kidogo halafu huja.

"Kaa hapa," alisema Bi Eustadia.

Walikuwa wamebaki wawili. Dafrosa alikaa kwenye kiti cha wifi yake, na mama mkwe akafungua khanga yake ya mabegani akampa.

"Futa uso."

"Mama, nimekosa..."

"Futa uso kwanza."

Akafuta. Alikuwa akingojea tusi, na tusi halikuja. Bi Eustadia alitazama bahari kama anatazama shamba la mtu mwingine.

"Huyo si bwana wako," alisema.

Dafrosa aliishika khanga kwa mikono miwili.

"Nimekaa na wewe nyumba moja. Sijakuona ukicheka na mwanamume, hata wa kukuuzia sabuni. Nilipougua wewe ndiye uliyenibeba kwenda msalani, na Mektilda alikuja na machungwa akakaa mlangoni. Mwanamke wa mabwana hana muda huo."

"Mama..."

"Mektilda ni mwanangu, nimemzaa kwa uchungu. Lakini ule mdomo sijui aliutoa wapi." Akampapasa goti. "Vedasto nitaongea naye. Kesho hakuna mtu wa kupanda ndege. Recheli ni mdogo, hawezi kulala na kikohozi bila mama yake."

Hapo ndipo Dafrosa alipolia. Safari nzima hakulia, hata alipopotea Singapore. Alilia kwa kwikwi, khanga mdomoni, na yule mama akamwacha alie. Akaona kwamba kumbe nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja aliyempenda, na yeye kwa woga wake hakuwahi kugundua. Karibu aseme yote. Nawaapia, maneno yalifika kwenye meno.

Akayameza. Kulikuwa na tuta la udongo kule Ntalikwa lisilojengewa.

"Asante, mama," alisema.

"Nenda kanawe uso. Wakirudi wasikukute hivyo."

Dafrosa aliinuka, akateremka kuelekea majini. Mchanga ulikuwa wa moto, na kwa mara ya kwanza tangu waondoke Tabora aliona bahari ni nzuri. Alikuwa tayari amepanga. Atanawa, atazunguka nyuma ya madafu, atamwambia Doto maneno mawili, potea na usirudi, halafu mambo yatatulia. Atamwona Recheli. Atamnunulia ile kofia ndogo ya samaki aliyoiona dukani. Maji yakamgusa vidole.

Nyuma yake mtu akaita. Hakuita kwa ukali. Aliita kwa ile sauti ya jioni ambayo akina mama huwaitia watoto waache mchezo waje kuoga, sauti ambayo msichana yeyote wa kwetu, hata awe bibi, miguu yake inaijua.

"Kulwa!"

"Abee, mama!"

Neno lilikuwa limeshatoka.

Dafrosa alisimama na maji miguuni. Angetoa roho ilimradi neno lile lirudi mdomoni. Akageuka polepole. Bi Eustadia hakuwa ameondoka kitini. Alikuwa anavua soksi, moja, halafu ya pili, anazikunja vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa kazi.

"Doto hazaliwi peke yake, mwanangu," alisema. "Mektilda ana hasira, Vedasto ana wivu, hawakukumbuka. Mimi ni mkunga. Nimepokea akina Doto wengi, na kila mmoja alitanguliwa na mtu."

"Mama, nakuomba..."

"Siku ya harusi shangazi yako alisema Mama Kul, mkakohoa wote. Nikajua mmeficha pacha. Nikadhani alikufa mchanga, mnaogopa kutaja, nikawaonea huruma." Akainuka, miguu mitupu mchangani. "Lakini leo nimelisikia lile jina likisomwa kwenye simu. Mimi ndiye niliyefika barabarani wa kwanza, Kulwa. Kabla ya polisi, kabla ya mwanakijiji yeyote, kwa sababu nilikuwa nimekaa njiapanda namngoja Tobias na asali yake. Tobias alikuwa bado anapumua. Na utingo wa lile lori alikuwa anakimbilia porini huku analia, 'Doto, nisubiri! Doto, usiniache!'"

Dafrosa alifunga macho.

"Sikumwambia mtu. Ningemwambia Vedasto angeua kila Doto wa mkoa wetu. Nikasema nitalikalia hili jina mpaka siku litakapoitwa mbele yangu."

"Ni kaka yangu, mama. Ni damu yangu. Tumebaki mimi na mama tu wa kumlilia."

"Na Tobias alikuwa wa nani?"

Kule juu, mlango wa kibanda cha walinzi ulifunguliwa. Vedasto alitoka ameshika sikio, Mektilda nyuma yake bado anasema, na wote wawili wakaanza kuteremka ufukweni.

Na upande wa pili, kando ya maji, mwanamume mwenye kofia nyeupe alikuwa anakuja. Alikuwa amesubiri kidogo, kama kawaida yake. Ameona yule mkali ameondolewa, dada amebaki na bibi mmoja mzee asiye na hatari. Alikuwa ametanua mikono na anacheka. Katikati ya kicheko chake akasita, kwa sababu aliona dada yake anatikisa kichwa.

Bi Eustadia alimtazama yule mwanamume, akamtazama mwanawe Vedasto anayeteremka, kisha akamshika Dafrosa mkono kwa nguvu ambayo Dafrosa hakujua kama mama yule bado anayo.

"Mwanangu bado yuko mbali, hajamwona," alisema. "Nikipiga ukelele sasa hivi Vedasto anakuja mbio, na unajua alichoapa. Nikinyamaza, kijana huyu atakimbia tena, na kaburi la Tobias litabaki tope. Sitachagua mimi. Mimi nimechoka." Akauachia mkono. "Ama mfukuze akimbie, nami nipige ukelele. Ama mwite aje apige magoti hapa mbele yangu kabla Vedasto hajafika, halafu nitajua la kumfanya. Mwite wewe. Mwite kwa jina lake."

Doto alikuwa amesimama, mikono bado imetanuliwa, anangoja kuambiwa. Nyuma, Mektilda alikuwa ameanza kunyoosha kidole.

Dafrosa alifungua mdomo.